Takataka za nyumbani Bukavu: namna ya kupata mtu wa kuzitoa, na kujua zinaishia wapi

Pazia lilikuwa la njano lenye maua madogo ya buluu, na nililitambua mara moja. Tulikuwa tumesafisha nyumba ya marehemu shangazi yangu huko Kadutu, manispaa mojawapo ya Bukavu, mashariki mwa Kongo: godoro lililooza, kabati lililoliwa na mchwa, mabonge ya simenti ya ukuta tuliobomoa, mapazia, vyombo vilivyopasuka. Vijana wawili wakapita, tukapatana bei, nikawapa pesa yote mkononi, wakabeba. Mlangoni pakawa peupe, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu mvua kubwa ikanyesha. Nikishuka ngazi nikalikuta lile pazia limenasa chini ya kidaraja, limeshika chupa, majani ya mgomba na sponji la godoro letu, na maji ya kahawia yamepanda hadi kizingiti cha mama mmoja anayeuza sombe (majani ya muhogo). Alikuwa anayakumba kwa beseni. Nikaingia ndani ya kanivo (mfereji wa maji ya mvua), nikalivuta pazia kwa mikono miwili mpaka likachomoka, maji yakaenda. Mama yule hakujua lilikuwa la nani. Nilimwambia.

Tangu siku ile, kabla ya kuuliza bei nauliza kwanza mzigo unaenda wapi. Mji wetu uko mlimani na kila kitu kinashuka. Kinachotupwa Kadutu kinaingia kanivo, kutoka hapo kinafika mto Kawa au Wesha, halafu Ziwa Kivu, na ziwa lina mdomo mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi. Kilomita chache chini ya mdomo huo kuna bwawa la Ruzizi I, linalotoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mbele yake Ruzizi II, ambalo tangu 1989 linahudumia Kongo, Rwanda na Burundi. Chupa na sasheti (mifuko ya plastiki) zinazoelea zinakusanyika pale juu ya maji kama mkeka, zinaziba njia ya maji kwenye mitambo, na wafanyakazi wanalazimika kuzitoa, hata kwa kupiga mbizi. Mitambo ikisimama, ni sisi tunaotafuta mishumaa.

Basi nitaeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua. Ya kwanza ni ndefu, kwa sababu ndiyo inayookoa pesa nyingi.

Hatua ya kwanza: tenganisha kabla hujaita mtu

Gunia lililochanganya maganda, chupa, jivu na pampasi ni zito, linanuka, linavuja mgongoni mwa anayelibeba, na hakuna anayelitaka. Vitu hivyo hivyo vikitenganishwa, sehemu kubwa inapata pa kwenda bila wewe kulipa hata franka.

Weka vyombo vitatu: ndoo yenye mfuniko kwa vinavyooza, gunia la vikavu, na ndoo ndogo, mbali na mikono ya watoto, kwa vitu vya hatari. Mwanzoni watoto watakosea. Kwangu ilichukua kama wiki mbili, halafu wakaanza kunisahihisha mimi.

Ndoo ya vinavyooza ndiyo inayojaa haraka: maganda ya ndizi, ya viazi, ya muhogo, majani ya kabichi, vijiti vya sombe, fufu (ugali) iliyobaki. Uliza kwanza jirani anayefuga. Dende, wale wanyama wadogo wa kufugwa kwa nyama, wanakula majani mabichi na maganda ya mboga, nguruwe wanakula karibu kila kitu, na watoto wa jirani watakuja wenyewe kuchukua ndoo jioni ukishazoeana na mama yao. Kuna vya kutoa kabla ya kumpa mnyama: chakula kilichoota ukungu, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, na maganda mabichi ya muhogo mchungu. Hivyo viwili vya mwisho vina sumu.

Kama parseli (kiwanja) yako ina kona, tengeneza mbolea. Sanduku la mbao chakavu linatosha, lisilo na kitako, liguse udongo. Weka tabaka la maganda, juu yake tabaka la majani makavu au vumbi la mbao, kisha maganda tena. Ligeuze kila wiki kwa jembe. Likinuka vibaya limelowa mno, ongeza vikavu. Likikaa bila joto wala kubadilika, limekauka, nyunyiza maji. Lifunike msimu wa mvua. Baada ya miezi mitatu au minne utapata udongo mweusi wa kupandia lengalenga (mchicha). Jambo moja tu kwa sisi wa mteremkoni: sanduku lisikae kwenye ukingo wa kilima, kwa sababu uzito na unyevu wake unalegeza ardhi.

Wapo pia watu wanaotengeneza makala (makaa ya kupikia) ya takataka, wakitumia maganda yaliyokaushwa na vumbi la makala. Ukiwa nao karibu, kausha maganda ya ndizi juani uwawekee. Kila gunia la makala ya namna hiyo ni gunia moja ambalo halikukatwa porini.

Kwenye vikavu, anza na vyenye bei. Chupa za bia na za soda za kioo zinarudi dukani pamoja na kasha lake. Sufuria za alumini zilizotoboka, vyuma na manjanja (mabati) yaliyochakaa, uza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani. Fanya hivyo kabla hujampigia mwenye gari simu, maana ukisahau, atavichukua bure na wewe utamlipa kwa kuvichukua. Chupa za plastiki safi zenye vifuniko zinatafutwa na wauza kasiksi (pombe ya ndizi), mafuta ya mawese na juisi. Lakini chupa iliyowahi kubeba petroli, dawa ya wadudu au rangi, ikate katikati kwa kisu kabla ya kuitupa. Usipoikata, mtu ataiokota, ataisuuza, na kesho itakuwa na mafuta ya kula ndani yake.

Sasheti ndizo zinazonichosha moyo. Serikali ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 kupiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini ukienda Nyawera au soko la Kadutu bado unafungiwa nyanya tatu ndani ya sasheti jeusi. Beba kikapu chako. Zile zinazofika nyumbani licha ya hayo, zishindilie zote ndani ya moja, ufunge fundo. Sasheti moja moja hupeperuka hadi kanivo hata kama ulizitupa vizuri.

Jivu la mbabula (jiko la makaa) liache lipoe usiku mzima kwenye chombo cha chuma kabla ya kuligusisha na kitu chochote. Nyumba nyingi Kadutu ni za mbao na zimebanana. Kaa moja lililojificha ndani ya gunia linatosha kuchoma avenyu nzima. Kwa sababu hiyohiyo usichome takataka nyuma ya nyumba. Na moshi wa plastiki una sumu inayoingia kifuani mwa mtoto aliyelala chumba cha jirani.

Hatua ya pili: pima mzigo wako

Bei inapatanwa vibaya pale mwenye mzigo hajui ana nini. Benki ya Dunia, katika ripoti ya 2018, ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara anatoa wastani wa kilo 0.46 za takataka kwa siku. Nyumba ya watu 8 basi inatoa karibu kilo 3.7 kwa siku, yaani kama kilo 26 kwa wiki. Hilo ni karibu gunia moja kila wiki, na ukiondoa vinavyooza, linapungua sana.

Kwa usafi mkubwa, kama wa kuhama, kubomoa ukuta au kufungua nyumba ya marehemu, hesabu magunia. Vikavu vyepesi unaweza kujaza gunia hadi juu. Mabonge ya simenti na matofali, ishia theluthi moja: gunia la mchele la kilo 50 likijazwa mawe linapita kilo 80, na anayelibeba ni binadamu mwenye mgongo mmoja. Vitu vikubwa viandike kimoja kimoja.

Halafu hesabu ngazi. Hapa Bukavu ngazi zina bei yake. Kutoka mlango wa shangazi hadi pale gari linapoweza kusimama ni ngazi 84, nilizihesabu, na mwenye gari aliyeniambia bei kwa simu bila kuziona alifika, akatazama juu, akataka mara mbili. Alikuwa na haki. Siku hizi napiga picha tatu kwa simu: mzigo wenyewe, njia ya kupita, na mahali pa gari. Nazituma kabla ya kuzungumza pesa.

Hatua ya tatu: jua unamwita nani

Kuna watu wa namna tatu. Vijana wabebaji, wanaopita na magunia yao au wenye mkokoteni pale barabara ilipo tambarare: wanafaa kwa gunia moja hadi matano, wanapita mahali gari halipiti, na bei yao ni nafuu. Hatari yao ni kwamba wengi hawana pa kumwaga panapojulikana. Si kwa ubaya. Hakuna aliyewaonyesha, na korongo liko karibu.

Wenye gari, pikapu au Fuso, wanafaa kwa usafi mkubwa. Gari linabeba mara moja kile ambacho vijana wangezungusha siku mbili. Angalia kama lina turubai au wavu wa kufunika. Bila hiyo, nusu ya sasheti zako zitabaki barabarani kutoka mtaa wa Essence hadi Nyawera.

Wa tatu ni vikundi na kampuni ndogo za abonema, wanaopita nyumba kwa nyumba siku maalumu na kulipwa kwa mwezi. Hao ndio ninaowapenda mimi kwa takataka za kila wiki, mradi wanapita kweli. Kabla ya kujiunga, uliza nyumba mbili za avenyu ile ile: walikosa mara ngapi mwezi uliopita? Mvua ikinyesha wanafanya nini?

Majina utayapata kwa shefu wa avenyu, kwa majirani waliojenga karibuni, na kwenye ofisi ya komini (manispaa) yako, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira. Komini ndiyo pia pa kuuliza mahali panaporuhusiwa kumwaga kwa sasa. Uliza mwenyewe, uandike jina la mahali. Ukiwa nalo mkononi, hakuna wa kukudanganya kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya nne: uliza, na usikilize jibu linavyokuja

Mazungumzo yangu ya mwisho yalikuwa hivi:

"Papa, huu mzigo mtaumwaga wapi?"

"Mama, usihangaike, tutaona kule chini."

"Kule chini ni wapi?"

Akanyamaza. Nikamshukuru kwa heshima, nikampigia mwingine. Huyo wa pili alinitajia mahali, akanitajia na anacholipa pale, akaniuliza yeye mwenyewe kama ndani kuna vioo. Huyo nilimwamini kwa lile swali la vioo kuliko kwa jibu lake. Mtu anayeuliza kuhusu vioo amewahi kukatwa, na sasa anafanya kazi kwa akili.

Uliza mambo haya kabla hamjakubaliana: wanamwaga wapi, watakuwa wangapi, wana glovu na viatu vya kufunika, bei ni ya mzigo mzima au ya gunia, kubeba hadi barabarani kumo ndani, na kitu kikiharibika njiani, ukuta wa jirani au bomba la maji, nani analipa. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuuliza. Usione aibu.

Hatua ya tano: patana bei na uandike

Chukua bei kwa watu watatu walioona picha zile zile. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine ni dalili: kuufikisha mzigo mahali halali kunakula mafuta, muda na mara nyingine malipo ya kumwagia. Anayekutoza nusu ya wenzake amekata kitu, na mara nyingi alichokata ni safari yenyewe.

Taja sarafu tangu mwanzo, dola au franka, na kama ni dola, mtatumia kima gani cha kubadilisha siku ya kulipa. Ugomvi mwingi niliouona mlangoni ulianzia hapo. Andika kwenye karatasi: tarehe, idadi ya magunia, vitu vikubwa, mahali pa kumwaga, bei, malipo ya kwanza. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja apige picha karatasi.

Usilipe yote kabla. Mimi natoa theluthi moja ya kuanzia, kwa ajili ya mafuta na chakula cha vijana, na inayobaki mzigo ukishamwagwa. Lakini ukiahidi kulipa saa tisa, ulipe saa tisa. Kazi ya takataka inadharauliwa kupita kiasi, na watu wanaoifanya wamezoea kuambiwa "rudi kesho".

Hatua ya sita: siku yenyewe

Anza mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ikiwezekana, kabla foleni haijafunga Place ya Indépendance. Msimu wa mvua, ambao huku unaanza Septemba hadi Mei, hilo ni lazima zaidi, kwani mvua nyingi hunyesha mchana na ngazi zilizolowa ni hatari kwa mwenye mzigo. Ukiweza kungoja Juni, Julai au Agosti kwa usafi mkubwa, ngoja.

Waarifu majirani jioni ya kuamkia siku hiyo. Magunia yatapita mbele ya milango yao, na pengine mama mmoja ana nguo kwenye kamba. Weka ndoo ya maji na sabuni mahali vijana watanawa, na maji ya kunywa kando. Tunaishi kwenye eneo ambalo kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mikono iliyogusa pampasi isiguse chakula kabla ya sabuni.

Halafu fuata mzigo. Panda motari (pikipiki ya abiria) ufuate nyuma ya gari, au mpeleke mtoto mkubwa wa nyumbani akae mbele na dereva. Ukishindwa, kubaliana kwamba atakutumia picha ya mahali pa kumwaga, gari likionekana. Inayobaki ya malipo inatoka hapo. Safari ya kwanza ndiyo ngumu. Mtu akishakufahamu kwamba unafuata, safari ya pili atakupigia simu mwenyewe kukuambia amefika.

Vitu visivyoingia kwenye gunia

Vioo vilivyovunjika, vifunge kwenye gazeti kisha ndani ya kopo, uandike juu kwa makaa: VIOO. Sindano za mgonjwa wa sukari ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifungwe, irudishwe kituo cha afya. Dawa zilizopitwa na muda pia zirudi huko, zisimwagwe chooni.

Betri kubwa za sola na za gari zina madini ya risasi na asidi. Usimwage maji yake, usiivunje kutafuta risasi uipikie mwenyewe, na usiruhusu mtoto akae karibu na anayefanya hivyo. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haitibiki kirahisi. Izibe vifuniko, iweke wima, umuuzie mnunuzi ikiwa nzima. Betri ya simu iliyovimba ikae mbali na jua na moto, peke yake ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, hadi upate fundi wa simu wa kuichukua.

Mabonge ya simenti na matofali ni mali. Mtu anayejenga ngazi au anayejaza shimo la barabara atayataka. Tangaza kwa majirani siku mbili kabla. Usiyamwage kwenye ukingo wa mteremko hata kama ukingo ni wa kwako, kwa sababu mvua itayashusha pamoja na udongo na chini kuna nyumba. Pampasi funga kwenye sasheti mbili na ziende na gari, hazina njia nyingine.

Kwa takataka za kila wiki: unganeni

Nyumba moja haina nguvu ya kumshikilia mtu wa abonema. Nyumba kumi zinayo. Kwetu tuliungana wapangaji na wenye nyumba wa ngazi moja, yule mama wa sombe akiwa wa kwanza kuandikwa, na yeye ndiye anayekusanya pesa kwa sababu hakuna anayethubutu kumdanganya. Kila nyumba inaleta gunia lake lililofungwa hadi barabarani Alhamisi asubuhi, si Jumatano usiku, maana mbwa na panya wanalipasua. Mtu wa gari anapata mzigo wa kutosha kwa kituo kimoja, bei inashuka kwa kila nyumba, naye ana sababu ya kurudi. Asiyelipa mwezi mmoja anapewa nafasi. Mama mjane wa nyumba ya mwisho tunamlipia sote, na hilo tuliliandika tangu mwanzo ili asihitaji kuomba.

Jumamosi ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi) tunatumia kwa kanivo. Mwisho wa Agosti, kabla ya mvua za kwanza, tunafanya kubwa zaidi: koleo, ndoo, na mtu mmoja aliyevaa buti ndani ya mfereji. Tope linalotolewa lisiachwe ukingoni likauke, kama ilivyo kawaida mahali pengi. Mvua ya kwanza italirudisha ndani lote. Litieni kwenye magunia na lipakiwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaenda kuoga.